Mechi Ile ya Kajiado Haikuuzwa

Mwalimu Lemayian,

Barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Hali yako naijua, maana siku ya kukuzika nilikuwa miongoni mwa walioshika koleo, na udongo wako ulikuwa bado kwenye soli za viatu vyangu nilipoingia kazini Jumatatu. Basi acha nikupe hali yangu. Nimechoka. Uchovu wa kazi naufahamu, nimekaa miaka ishirini na miwili katika stoo ya kiwanda cha saruji nikipokea na kutoa magunia. Huu ni mwingine. Huu umetokana na jambo nililonyamazia miaka minane, na leo Jumapili, baada ya kanisa, nimeketi mezani niliandike kabla sijapata kisingizio kingine.

Wewe ulifundisha darasa la sita siku tano za wiki, na Jumamosi ukawafundisha watoto wetu mpira bila kulipwa hata soda. Kile kiwanja cha Kitengela ulichokipigania kimekatwa ploti. Palipokuwa na goli la upande wa barabara ya Namanga pana ghorofa tatu, na nguo za watu huanikwa mahali Barasa wangu alipofunga bao lake la kwanza. Watoto siku hizi wanachezea uwanja wa kanisa, ambao una mteremko kiasi kwamba timu moja hupanda mlima kipindi kizima. Ukiona hivyo ungecheka, halafu ungewaambia wabadilishane pande kila dakika kumi.

Ile kamba yako ya katani haipo tena. Nakumbuka ulivyokuwa ukiifunga kwenye vigingi saa mbili asubuhi, hatua tatu kutoka kwenye mstari, na kila mzazi akae nyuma yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiivuka. Ulikuwa unakuja polepole, mikono nyuma, huku mechi inaendelea, unaniambia, "Baba Barasa, mzazi ako na kazi mbili tu hapa. Kuleta maji na kupiga makofi." Nikirudi nyuma hatua moja, unangoja nirudi zile mbili zilizobaki. Wakati huo nilikuona mtu wa kunionea. Siku hizi wazazi wanaingia mpaka ndani ya boksi, na mwezi uliopita mama mmoja alimwagia refa uji. Refa mwenyewe ni kijana wa sekondari, alijipangusa akaendelea kupuliza filimbi.

Lakini sikuchukua kalamu kwa sababu ya uji.

Unamkumbuka Nekesa, kitinda mimba wangu? Ulipokuwa kocha alikuwa mdogo, sasa ana miaka kumi na moja na anacheza beki. Ana miguu ya babu yake wa Bungoma, mifupi na isiyochoka. Wiki tatu baada ya kukuzika walikuwa wanacheza, mabao sawa, muda umekaribia kwisha. Mpira ukaja ndani ya boksi, ukamgonga mkononi, na refa alikuwa amegeukia kwingine. Nekesa akasimama. Akainua ule mkono, akamwambia refa umemgonga. Penalti, bao, tumefungwa. Nilikuwa nataka kupiga makofi, Mwalimu, nakuapia mikono ilikuwa tayari imeinuka. Kisha baba mmoja pembeni yangu, mtu aliyehamia Kitengela mwaka jana tu, akapaza sauti: "Wewe msichana! Usituuzie mechi kama yule Mwalimu!"

Watu wakacheka. Mikono yangu ikashuka.

Yule bwana hakukujua. Hakuwahi kukuona hata siku moja. Amelikuta neno hilo Kitengela kama alivyoikuta barabara, akadhani ni la wote. Mtoto wa Kitengela akisema ukweli uwanjani leo anaambiwa anafanya ya Mwalimu. Usiku ule wakati wa chakula Nekesa akaniuliza, "Baba, kwani Mwalimu alifanya nini?" Nikamwambia ale ugali utapoa. Mama yake akaondoa sahani yangu nikiwa sijamaliza.

Hebu nikuelezee siku ile kama nilivyoiona mimi, kwa maana sikuwahi kukuambia mambo yalivyokuwa kichwani mwangu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua imenyesha hadi watu wamesahau vumbi, na nyasi za Kajiado zilifika magotini. Tulikwenda kwa lori la mawe, watoto wameketi, wazazi tumesimama tukiimba. Fainali ya wavulana wa chini ya miaka kumi na nne, sisi na Kajiado, Wamaasai wenzako. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi tulikuwa tunaongoza mbili kwa moja, na mabao yote mawili ni ya Barasa. Unajua nilivyokuwa. Nilikuwa nimeshavuka kamba yao, nimekaribia goli, nimepoteza sauti.

Halafu yule beki wao, Leshan, mvulana mrefu asiye na njumu, akachelewa kuufikia mpira akampiga Barasa mguuni. Barasa akaanguka na kulia. Leshan hakungoja refa. Akakimbia mpaka pembeni, akainama, akang'oa konzi ya nyasi, akarudi nayo akiwa ameinua mkono juu, akielekea moja kwa moja kwa mwanangu aliyelala.

Mwalimu, mimi nilikulia Bungoma. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunachimbua vitu kwenye nguzo za goli kabla ya mechi: mayai, kucha, vitambaa vya rangi ambavyo hakuna aliyethubutu kuvishika kwa mkono. Mjomba wangu alikuwa golikipa na aliacha mpira kwa sababu ya goti ambalo hospitali haikuona ugonjwa wake. Kwetu mtu akikuumiza, halafu akaja na majani mkononi kutafuta mguu huohuo, humngoji afike. Nilikimbia. Nilimsukuma yule mtoto kifuani akaanguka chali, nikampokonya zile nyasi, nikazitupa chini nikazikanyaga. Nilipiga kelele kwamba hawatamroga mwanangu.

Kina mama wa Kajiado waliokuwa wameketi upande wa pili wakasimama. Nikageuka kumwangalia Barasa, na hiki ndicho ambacho sijamwambia mtu: alikuwa ameketi, machozi yamemjaa, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuzipokea zile nyasi. Wewe ulikuwa umewafundisha. Watoto wote walijua. Mimi baba mtu mzima ndiye sikujua.

Ukaja polepole, mikono nyuma kama kawaida. Ukamwinua Leshan, ukampangusa mgongo. Ukamwambia refa maneno mawili, kisha ukaita watoto wetu watoke. Kombe likabaki Kajiado. Hukunitazama.

Kwenye lori hakuna aliyeimba. Wewe ulikaa mbele na dereva, kwa hiyo hukusikia. Wazazi walikuwa wanauliza imekuwaje, tulikuwa tunashinda, zilibaki dakika kumi tu, kocha gani anatoa timu inayoshinda. Waliniangalia mimi. Nilikuwa na aibu na hasira kwa pamoja, na nilijua kwamba nikikaa kimya kidogo tu watasema ni mimi. Basi nikasema, "Kwani hamjui? Hao ni watu wake."

Maneno sita, Mwalimu. Ulimi hauna mfupa. Tulipofika njia panda ya Isinya mtu alikuwa ameshasema mechi imeuzwa. Jumatatu nilisikia sokoni kwamba umepewa mbuzi. Jumatano alikuwa fahali. Mbuzi na fahali sikuwataja mimi, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Jumanne ulikuja nyumbani. Ulikunywa chai, ukamsifu mke wangu kwa chapati, kisha ukanieleza. Ukasema kwenu nyasi ni amani, kwa sababu ng'ombe anaishi kwa nyasi na watu wanaishi kwa ng'ombe. Mtoto aliyekosa akishika nyasi hachapwi. Mtu aliyekosea mwenzake akimjia nazo mkononi amekwisha kuomba msamaha, na kuzikataa ni jambo zito ambalo hata maadui hawalifanyi. Ukasema yule mtoto Leshan amekataa kabisa kurudi uwanjani, analelewa na bibi yake, na bibi amelia. Hukunigombeza. Ukaniambia, "Twende Kajiado, Baba Barasa. Tuende tu wawili. Tukunywe chai na wao, hii maneno iishe."

Nikakujibu, "Nitaenda, Mwalimu. Nipe wiki moja."

Nilikuwa nimekwisha kukuelewa, sitaki usingizie ujinga wangu huko uliko. Kabla hujamaliza kikombe nilijua nimekosa, na nilijua umetoa timu ili watoto wasishinde kwa aibu kama ile. Lakini kwenda Kajiado kulikuwa ni kukiri, na nikikiri Kajiado nitakiri Kitengela pia, na Kitengela nilikuwa nimeanza kuzoea kuitwa mzazi aliyemtetea mwanawe.

Wiki ya pili Jumapili wazazi wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Hakuna aliyetaja fahali mbele yako, sisi ni watu wa adabu. Walisema timu inahitaji damu changa. Walisema umefanya kazi kubwa, upumzike. Mwenyekiti akauliza wanaokubaliana wainue mikono. Wewe uliketi kiti cha mbele, umeshika mfuko wa mipira miwili na filimbi shingoni, na nadhani ulikuwa unajua nani yuko nyuma yako. Niliinua mkono. Sikuwa wa kwanza wala wa mwisho, nilingoja iwe mingi kisha nikainua wangu katikati.

Ulivua filimbi ukaiweka mezani. Jumamosi iliyofuata ulikuwa uwanjani kama kawaida, nyuma ya kamba, na mtungi wa maji. Barasa naye aliniambia asubuhi hiyo, "Baba, leo usikuje." Akaniambia hivyo kila Jumamosi mpaka alipokwenda sekondari ya bweni. Sasa yuko chuo Eldoret, ananipigia simu kila mwezi, ananiuliza afya na mvua. Kuhusu mpira haniulizi.

Ulipolazwa kwa ile sukari nilikuja kukuona mara moja. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimeyapanga maneno yote. Ukaniuliza Barasa anasomea nini, nikakuambia uhandisi, ukafurahi mpaka ukakohoa. Muuguzi akaja kupima presha. Nikasema nitarudi Jumapili, na nilivyokuwa natoka nilihisi nafuu kama mwanafunzi aliyesikia kengele kabla hajaulizwa swali. Jumapili hukuwepo.

Siku ya mazishi mkeo aliniomba niseme neno kwa niaba ya wazazi. Mke wako, Mwalimu. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema ulikuwa mtu wa watu, ulipenda watoto, pengo lako halitazibika. Maneno ya kila kaburi. Waliokuwa wakikuita muuza mechi walitikisa vichwa, wakafuta macho, na mimi nikarudi kuketi nikapewa chai.

Ndipo Nekesa akainua mkono wake pale uwanjani, na yule mgeni akapiga kelele, nami nikaambiwa na mtoto wa miaka kumi na moja nimweleze ulifanya nini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kajiado. Nilikuwa nimechelewa miaka minane, lakini nilijipa moyo kwamba angalau nitaanza na yule niliyemwangusha. Haikuwa shida kumpata. Leshan ni mwanaume sasa, anauza katika duka la dawa za mifugo, na alinitambua kabla sijajitambulisha. Nilidhani atanifukuza. Alifunga duka. Akasema bibi yake atafurahi sana kuniona, na tukatembea mpaka ng'ambo ya reli.

Bibi alikuwa ameketi nje ukutani, macho hayaoni vizuri tena, mabegani amejitupia blanketi la kijivu lililochakaa pembeni. Nikamwamkia kwa Kimaasai ulichonifundisha, nikimwita bibi, "Takwenya, Kokoo." Akaitika, "Iko." Leshan akamwambia mimi ni nani. Mwalimu, yule mama alinishika mikono yote miwili. Alisema maneno mengi, akilivutavuta lile blanketi, na mimi nilikuwa natabasamu bila kuelewa, kama mtu anayepigwa picha.

Leshan akanitafsiria. "Anasema ashe oleng. Anasema asante ya hii blanketi ulimtumia na Mwalimu. Zingine zote zimeisha, hii bado iko."

Nikauliza blanketi gani.

Naye akaniangalia kama mtu anayedhani namtania. "Si ile Mwalimu alileta? Ile Jumamosi ingine baada ya mechi. Alikuja na blanketi na sukari. Alisema baba ya yule kijana amemtuma, ati hakujua maana ya nyasi, na ako na aibu kuja yeye mwenyewe. Akaomba msamaha kwa niaba yako. Kokoo akasema imeisha. Hata mimi nikarudi kucheza."

Niliketi chini, palepale kwenye mchanga. Nilihesabu siku. Ulikuja kwangu Jumanne. Nikakuambia wiki moja. Jumamosi hukungoja, ulikwenda peke yako ukabeba jina langu mkononi ukaliombea msamaha, na Jumapili ya wiki iliyofuata mimi nikainua mkono uvuliwe filimbi. Ulikuwa umeketi mbele yangu ukiwa umekwisha kunisafisha Kajiado, na hukugeuka kunitazama, wala hukusema. Hata pale hospitalini hukusema! Uliniuliza habari za Barasa.

Nimekukasirikia kidogo, Mwalimu, acha niseme. Wewe uliyetuma timu nzima nyumbani bila kombe kwa ajili ya haki, ulikwenda kusema uongo mmoja, na uongo wenyewe ni wa kunifanya mimi mtu mwema. Kwa nini hukuniacha nijulikane? Nilikaa nje ya ile nyumba nikijiuliza hivyo, kisha nikakumbuka kwamba nilikuambia nitakwenda, na pengine wewe uliona mtu aliyesema atakwenda amekwisha kutuma.

Nikamwambia Leshan, "Mwambie bibi sikumtuma. Blanketi si langu. Mwambie nilikataa kuja."

Leshan akamwangalia bibi yake, akaniangalia mimi. Alikuwa mpole, lakini hakusita. "Mzee, huyu anakuombea kila Jumapili. Wewe na kijana yako. Miaka yote hii. Hiyo mimi siwezi kumwambia."

Basi hakumwambia. Bibi alikuwa bado amenishika mkono. Tulikunywa chai ya maziwa, nikaulizwa kuhusu mguu wa Barasa, nikasema ulipona zamani. Wakati wa kuondoka aliniwekea mkono kichwani akanibariki, nami niliinama nikapokea baraka ambayo ni yako. Sikuwa na njia ya kuirudisha.

Kajiado nimeshindwa, Mwalimu. Ulinitangulia, na mlango wa kukiri huko umeufunga. Umebaki ule wa Kitengela, ambako hukuniombea lolote, na ambako jina lako ndilo lililokanyagwa. Nimemwambia mwenyekiti wa sasa kwamba Jumamosi kabla ya mechi nataka dakika tano mbele ya wazazi. Akasema, "Mzee, kama ni hiyo maneno ya kitambo, si uwache tu? Hakuna mtu anakumbuka." Nikamwambia wanakumbuka, wanawaambia watoto wetu kila wiki. Pengine wataguna waniambie nikae. Pengine yule mgeni atasema lisemwalo lipo. Kazini watanicheka, na mke wako atasikia kabla jua halijatua kwamba aliyesema neno kaburini ndiye aliyekuchafua. Kwake nitakwenda mwenyewe Ijumaa, asisikie kwa watu.

Nakuahidi nitasema hivi, nimeshaandika ili nisitafute maneno laini: Mechi ile ya Kajiado haikuuzwa. Mwalimu aliitoa kwa sababu niliingia uwanjani nikamwangusha mtoto wa watu aliyekuwa anaomba msamaha. Neno la kuuza nililianza mimi, kwenye lori, nikijua ni uongo.

Nekesa atakuwa amesimama pale amevaa jezi, mikono nyuma, anamsikiliza baba yake. Yeye ndiye ninayemwogopa kuliko wazazi wote. Nilifikiria kuchagua Jumamosi ambayo hatacheza, lakini aliniuliza swali, na sijamjibu bado.

Pumzika, Mwalimu.

Ni mimi,
Baba Barasa